Saini nayo imebatizwa

Hati ya malipo ya kwanza niliyosaini nikijua kabisa kuwa ni ya uongo ilikuwa ya shilingi 180,000. Watu sita, posho ya semina ya siku moja, 30,000 kwa kila kichwa. Semina ilikuwepo, ukumbi ulikuwepo, chai na sambusa zilikuwepo. Hao watu sita ndio hawakuwepo. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Mkuu wangu wa kitengo alikuwa mama mwenye huruma ya kweli. Mwezi wangu wa kwanza alinipa nauli ya daladala mpaka mshahara ulipotoka. Alinisogezea karatasi akasema, "Saini tu mwanangu, hizi ni za chai ya ofisi." Nikasaini. Jumapili iliyofuata nikasimama kwenye besi, nikaimba, nikakomunika kama kawaida.

Nilitegemea kitu kitokee. Hakikutokea. Paa la kanisa lilibaki juu na sauti haikunikauka. Mwezi uliofuata yule mama hakuniomba tena, aliiweka tu hati mezani na kalamu juu yake.

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu. Nyinyi mnaotoka vyuoni sasa, mliozoea misa za TMCS, umoja wetu wa wanafunzi Wakatoliki, mafungo ya Kwaresima na padre mlezi ambaye mlango wake haufungwi, naanza na aibu hii kwa sababu ndiyo niliyoingia nayo kazini na hakuna aliyekuwa amenionya. Tulipokuwa wanafunzi tulijiandaa kwa simba. Tulifikiri siku moja mtu mwenye tai nyeusi atatuita ofisini atwambie tumkane Kristo, nasi tutakataa kwa sauti kubwa kama mashahidi wa Uganda. Nimefanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam zaidi ya miaka kumi na mitano na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimkane Kristo. Nimeambiwa "weka sawa hapo". Nimeambiwa "usiwe mgumu", "huyu ni mtu wetu", "kila mtu anafanya". Jambo lenyewe lina majina mengi kuliko watakatifu kwenye litania: chai, maji, kitu kidogo, cha juu, asante, asilimia kumi. Jina lake halisi nilikuja kulikuta mahali ambapo sikulitafuta.

Nilikuwa nimefungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1992, nikitafuta kitu cha kufundisha watoto wa kipaimara. Nikaangukia namba 2409, chini ya amri ya saba. Nilidhani nimeshika ripoti ya mkaguzi wa nje. Imo rushwa. Umo ukwepaji wa kodi. Zimo hundi na ankara za kughushi, kwa maneno hayo hayo. Yamo matumizi ya kupita kiasi na ufujaji, na kutumia mali ya kampuni kwa faida yako binafsi. Na katikati ya orodha hiyo, bila maelezo, imo kazi iliyofanywa vibaya.

Hapo kwenye mali ya kampuni niliinama. Unajua ni nani alikuwa akitoa nakala za nyimbo za kwaya nzima kwenye mashine ya ofisi, kurasa arobaini, hamsini, kila Krismasi na Pasaka? Mwalimu wa kwaya alikuwa akinitangaza mbele ya wenzangu, "Mungu ambariki ndugu yetu." Wino ulikuwa wa mwajiri, baraka zikawa zangu.

Nikaenda kuungama, si parokiani kwetu, maana paroko ananijua sauti. Padre alikuwa mzee, tena sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo ilinibidi niseme "hati za malipo" mara mbili kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha hakuniuliza kama najuta. Aliuliza, "Umerudisha?" Nikamwambia mimi sikuchukua, nilisaini tu. "Hukupata hata senti?" Nilikuwa nimepata. Kila mara nilipewa elfu kumi na tano, "ya vocha". Mara tatu, 45,000. Akaniambia hiyo naijua hesabu yake kuliko yeye, na kwamba mwenye mali yupo, ana akaunti, kwa hiyo nisije nikampa maskini fedha za mtu ninayeweza kumrudishia mwenyewe.

Nililipa kwa miezi miwili. Mtunza fedha alipoona ninaleta pesa badala ya kuomba, aliniuliza ni ya nini. Nikamjibu nilipokea zaidi ya stahili yangu, narudisha. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyevua shuka, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri. Ninayo mpaka leo, imekaa kwenye faili moja na vyeti vya shule. Sikwambii haya ili unione mwema. Nakwambia kwa sababu watu wengi hudhani kuungama kunafuta deni la dukani. Dhambi inaondolewa, deni linabaki, na Katekisimu yenyewe inasema hivyo namba tatu tu mbele, 2412.

Baada ya hapo ikabidi nijifunze kukataa, na hapa ndipo napenda mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wenu mtakataa vibaya.

Mara ya kwanza nilikataa kwa mahubiri. Nilimwambia yule mama kwamba mimi ni Mkatoliki na dhamiri yangu hainiruhusu. Alinyamaza, akachukua karatasi yake, akaenda. Jioni ofisi nzima ilikuwa inaniita Baba Askofu. Kosa langu halikuwa kukataa. Nilikuwa nimemwambia mama yule, naye ni Mkristo mwenye kumlea yatima wa dada yake, kwamba mimi nina Mungu na yeye hana. Amri ya saba si ya Wakatoliki peke yao. Mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa mtunza stoo wetu alinifundisha zaidi kuliko semina yoyote. Mtu akimletea hati ya kupokea bidhaa ambazo hazijafika, alikuwa anasema maneno mawili tu, "Sijaona mzigo," kisha anaendelea kupanga maboksi. Hakutaja dini wala hakukasirika. Mkubwa akimpigia simu, anamjibu kwa adabu zote, "Mheshimiwa, ukifika nitausaini usiku huu huu, hata ukija saa nane." Ijumaa anakwenda swala, anarudi, mzigo bado hajauona. Hakuna aliyepata pa kumshika.

Kwa hiyo jifunzeni kanuni za kazi zenu kuliko wanaotaka kuzivunja. Mhasibu asiyejua kanuni za fedha atabaki na dhamiri tupu, na dhamiri tupu mbele ya mkurugenzi mwenye haraka haidumu dakika tano. Lakini "naomba karatasi ya mahudhurio yenye saini zao" ni sentensi ambayo haimtukani mtu. "Ankara hii haina risiti ya mashine ya kodi, mkaguzi ataikataa" ni ukweli, na unampa mwenzako njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Wapeni watu njia ya kurudi nyuma. Wengi wataipita, hasa mara ya kwanza, kabla hawajazoea kukuchukia.

Kuna ujanja mmoja ninaousikia ukisifiwa sana: mwambie mkubwa aandike maelekezo kwenye dokezo, kwa kuwa hataandika. Ni kweli wengi hawaandiki. Ila mwenzangu mmoja alimwambia bosi wake, "Andika hapa nami nitasaini," na bosi akaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Sasa afanyeje? Alikuwa ameshaahidi kusaini uongo kwa masharti. Usiahidi kamwe kusaini. Sema kinachokosekana, basi.

Na mkataaji hulipa, nisiwafiche. Mimi sikufukuzwa wala kutishiwa. Jina langu tu likaacha kuonekana kwenye safari za mikoani. Mwaka mmoja na nusu bila posho ya safari, na nyinyi mtakuja kujua kwamba kwa watumishi wengi mshahara ni wa kula na safari ndizo za kujengea. Nyumba yangu ya Chanika ilikaa kwenye msingi miaka minne, nyasi zikaota hadi kiunoni. Mke wangu hakuwahi kunilaumu, ila kila tukipita pale alikuwa anageuza uso dirisha la pili. Nikipata mtu anayehubiri kwamba ukiwa mwaminifu Mungu atakupandisha cheo haraka, huwa natamani nimpeleke akaone zile nyasi.

Wapo waliolipa zaidi. Ukitaka mfano wa mtu mwenye kazi kama zetu, huna haja ya kwenda Roma ya kale. Nenda Goma, mashariki ya Kongo, mji wa watu wanaoongea Kiswahili. Floribert Bwana Chui alizaliwa huko tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria, akaingia ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na muda wake wa ziada ulikwenda kwa watoto wa mitaani. Kazini alikuwa mtu wa kupitisha mzigo au kuuzuia. Ukaja mzigo wa chakula kilichoharibika, wenyewe wakitaka upite. Wakampa pesa, akakataa. Wakaongeza, pakaja na shinikizo la wakubwa, akakataa tena, chakula kikateketezwa. Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, kule Roma.

Nikiisimulia habari hii kwa vijana, swali la kwanza huwa, "Kwa hiyo tufe?" Hapana. Wengi wetu hatutafikishwa huko, na mtu asiyefikishwa huko hana haki ya kujigamba kana kwamba alifika. Mimi kinachonigusa kwa Floribert ni jambo dogo. Waliomfahamu wanasimulia kwamba alimtafuta sista mmoja ambaye ni daktari, akamuuliza chakula cha namna ile kingemdhuru vipi anayekila. Yaani hakutosheka na hasira takatifu. Alitaka kujua kazi yake inasema nini. Alikuwa mkaguzi kwanza, na alikataa kama mkaguzi. Watu ambao wangekula ule mzigo hawakumjua, na labda mpaka leo wapo sokoni Goma hawajui kwamba kuna siku walinusurika kwa karatasi iliyokosa saini.

Kama mambo yamefika pabaya, usibaki peke yako nayo. Tanzania tuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Weka kumbukumbu, tarehe na saa. Mwambie pia mtu mmoja nyumbani unapitia nini.

Niseme na habari ya mapadre. Mkipata utata kazini mtakimbilia kwa paroko, na ni vizuri, lakini msimtwike asichokibeba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema hili mwaka 1965, katika Gaudium et Spes, kifungu cha 43: mlei asidhani wachungaji wake ni wabobezi kiasi cha kuwa na jibu tayari kwa kila tatizo, wala kwamba huo ndio wito wao. Kifungu hicho hicho kinaita utengano kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa mojawapo ya makosa mazito ya nyakati zetu. Wengi hukariri hiyo sehemu ya pili na kuruka ya kwanza. Padre hajui mizania ya hesabu. Wewe ndiye unayeijua, na kwa hiyo wewe ndiye utakayejibu.

Mwaka juzi binti mmoja wa jumuiya yetu alinijia na barua mbili za ajira, moja ya shule, moja ya kampuni ya kubashiri mechi iliyokuwa inalipa karibu mara tatu. "Anko, kamari ni dhambi?" Nikamwonyesha namba 2413: michezo ya bahati yenyewe haipingani na haki, inakuwa haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na tamaa yake inaweza kumgeuza mtu mtumwa. Halafu nikamuuliza atafanya kazi gani hasa. Wanamaadili wa Kanisa hutofautisha anayelitaka ovu na kulishiriki kwa nia, na yule ambaye kazi yake inaligusa kwa mbali tu. Anayefagia ofisi ile hayupo mahali pamoja na anayebuni ujumbe wa saa sita usiku wa kumwita dereva wa bodaboda aliyeshapoteza hesabu ya siku ili arudi na mia tano aliyobakiza. Binti yetu alikuwa anaitiwa hiyo ya pili. Nikamwambia mimi nisingekwenda. Ingekuwa ni ya hesabu ningewaza siku mbili tatu. Alikwenda. Bado tunasalimiana vizuri, na sijui kama angeniuliza tena ningetumia maneno mengine.

Wale wa udaktari, uuguzi na famasia mna maswali yenu magumu kuliko yangu, na sitajifanya nayajua. Moja tu nimelijifunza kutoka kwa dada yangu muuguzi: kama kuna huduma ambayo dhamiri yako haitaki kuishiriki, iseme kwa maandishi wiki ya kwanza ya kazi, msimamizi akupange vizuri. Ukiisema siku hiyo, mgonjwa akiwa kitandani, umemtupia mzigo mwenzako na umemtisha mgonjwa.

Jumapili. Mtapata zamu, mtapata kufunga hesabu za mwezi, mtapata safari. Sheria ya Kanisa ina upana kuliko tunavyodhani. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika. Huduma muhimu kwa jamii na mahitaji ya familia ni sababu halali, kwa hiyo muuguzi aliye zamu asiishi na hatia, na paroko ana mamlaka ya kukupa ruhusa kwa sababu ya haki. Hayo yote ni kweli, nami niliyatumia vizuri sana kujidanganya. Miaka miwili nilikosa misa karibu kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya kufunga hesabu. Nilipokaa nikajipekua, hesabu zilikuwa zinanishinda Jumapili kwa sababu Ijumaa saa tisa alasiri nilikuwa natazama mpira wa marudio kwenye kompyuta. Uzembe wa Ijumaa nilikuwa nimeuvika joho la dharura.

Jumuiya ilinipiga zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, sidhani walimfikiria mtu kama mimi, anayeamka saa kumi na moja akirudi saa mbili usiku na Jumamosi anataka kulala. Sala ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Niliiona ni ya wamama. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa nikaenda kuomba barua ya ubatizo kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama anayeuza maandazi kona ya pili kutoka kwangu. Alinikaribisha kiti, akanipa chai, akafungua daftari lake la mahudhurio, akalipekua kurasa zote taratibu, kisha akasema kwa upole uliokata kuliko kisu, "Baba, sisi hatukufahamu." Mimi ninayekataa hati zisizo na mahudhurio! Nilicheka njiani, peke yangu, kama kichaa.

Nikaanza kwenda. Pale hakuna anayekuita mhasibu. Unasoma Injili kwa zamu, unaambiwa umekosea kutamka, unachangia mia tano ya mgonjwa, unabeba jeneza. Ofisini nilikuwa nimeshaanza kuamini cheo changu. Jumamosi kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Mkienda, mjiandae, mtapewa utunza hazina wiki ya tatu. Pokeeni, na muandike stakabadhi hata ya mia mbili. Nimeona watu waaminifu wa kupigiwa mfano maofisini ambao daftari la kanisa kwao ni la kukadiria, "kwa sababu tunaaminiana".

Na nimeona kinyume chake: mtu anayepiga asilimia kumi kila zabuni halafu kwenye harambee ya ujenzi wa kigango ndiye anayetoa mifuko hamsini ya saruji, anapigiwa makofi, na jina linasomwa matangazoni. Kanisa si dobi. Zaka ya pesa ya wizi ni ya wizi, na mwenye pesa hizo yupo mahali anazisubiri.

Mambo madogo ya ibada nayataja haraka. Jumatano ya Majivu nenda na majivu yako kazini, usiyafute wala usiyatangaze. Kila mwaka mlinzi wetu mmoja hunionyesha kwa heshima kwamba nina uchafu usoni. Kufunga ni kwa wenye miaka 18 hadi 59, kwa hiyo kama ofisi imeandaa chakula Ijumaa Kuu au Jumatano hiyo sema tu umefunga. Wenzako Waislamu watakuelewa kabla hujamaliza sentensi, nawe Ramadhani usile kitumbua mbele yao. Futari wakikualika nenda.

Kuna kitu kimoja nilikuja nacho kutoka nyumbani. Nimekulia Ruvuma, karibu na abasia ya Peramiho, ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898. Kauli yao ni Sala na Kazi, na baba yangu alijifunza useremala kwa mabruda wa karakana ile. Nilipokuwa mdogo alikuwa anasimulia jambo lililomshangaza siku zake za kwanza. Kengele ya sala ikilia, bruda aliacha randa katikati ya ubao. Hakumaliza hata ule mkwaruzo mmoja. Baba alidhani ni uvivu wa wazungu. Baadaye akaambiwa ni kanuni ya Mtakatifu Benedikto mwenyewe: ishara ikisikika, kilicho mkononi kinaachwa.

Mimi sina kengele, nina simu. Saa sita mchana inatetemeka mfukoni, nasimama, natoka hadi kwenye korido karibu na dirisha la ngazi, nasali Malaika wa Bwana, narudi. Haizidi dakika mbili. Wenzangu wanadhani naenda kupunga upepo. Miaka ya kwanza niliiona ni desturi tu, mpaka nilipogundua kwamba karibu kila uamuzi mbaya niliowahi kuufanya ofisini niliufanya nikiwa katikati ya haraka, mtu amesimama mlangoni anasubiri. Simu ikishatetemeka, hata bosi akiwa mlangoni namwambia, "Nakuja sasa hivi." Mara mbili nimerudi mezani nikaiona karatasi ile ile kwa macho mengine.

Lakini sala haijazi pengo la utaalamu. Mwalimu Nyerere, anayeitwa Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, yaani hatua ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu, alikuwa mtu wa misa za asubuhi hata akiwa Ikulu, na bado miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini chini ya sera yake. Ninamheshimu sana, tena ningefurahi siku moja kumwona altareni. Ila mtu akiniambia "nimeliombea" wakati nimemuuliza kuhusu tarakimu, ninamwomba tarakimu.

Yule mama wa huruma alistaafu kwa heshima zake. Kwenye hafla ya kumuaga alinishika mkono, akaniita Baba Askofu mbele za watu, tukacheka wote. Siku hizi nafasi yake nimekaa mimi, na hati zinakuja kwangu. Mwezi uliopita kijana mpya, ana miezi miwili kazini, aliniletea ya semina. Nikamvutia kiti nikamwonyesha jinsi ninavyoisoma karatasi ya mahudhurio: anza chini, upande juu. Majina ya kubandikwa hukaa mwishoni, kalamu ni moja, na herufi ya mwisho ya kila saini inapinda upande ule ule. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniomba aende nayo, atairudisha kesho.